Skripti leo inapita kesho inagoma: angalia slashi kwenye sed

SWALI: Habari kaka, nina skripti ya kuandaa seva, inatengeneza paswedi kwa openssl rand -base64 24 halafu inaiingiza kwenye faili la mipangilio hivi:

sed -i "s/__PASI__/$PASI/" app.conf

Siku nyingine inapita freshi, siku nyingine inaniletea unknown option to `s', na mimi sijagusa kitu. Seva ina shida?

JIBU: Seva iko poa ndugu yangu, shida ni slashi (/) ndani ya paswedi, maana sed (komandi ya kutafuta na kubadilisha maneno kwenye faili) inaitumia kutenganisha sehemu zake. Base64 ina herufi 64 na slashi ni mojawapo, baiti zako 24 zinatoa herufi 32, sasa piga hesabu utakuta karibu mara 4 kati ya 10 paswedi inatoka na slashi ndani. Ikitoka mfano k9/Tz, sed inasoma s/__PASI__/k9/Tz/, yaani kwake kazi imeishia kwenye k9 na hiyo T anaiona ni opsheni, haijui, anagoma. Faili linabaki vilevile, na kama hujaweka set -e juu (inayosimamisha skripti kukiwa na kosa) skripti inaendelea tu na programu yako inawaka na paswedi ya __PASI__, hapo ndo pabaya.

sed haikulazimishi slashi, alama yoyote inayofuata s ndo inakuwa kitenganishi, isipokuwa bakslashi na mstari mpya. Kwako weka paipu:

sed -i "s|__PASI__|$PASI|" app.conf

Hii ni salama kwa sababu base64 haina paipu kabisa, sio kwa sababu paswedi ya leo haina. Chagua kwa kuangalia herufi zote zinazoweza kuja, maana watu wengi wanabadili slashi kuwa alama ya reli (#) halafu inakuja linki yenye reli wanarudi palepale.

Ila kitenganishi hakikuokoi na &. Upande wa kubadilisha, & maana yake ni "kile kilichopatikana", kwa hiyo ukiweka mahali pa __URL__ linki yenye ?a=1&b=2 itaandikwa ?a=1__URL__b=2 na hupati kosa lolote, utakuja kujua wateja wakilalamika. Thamani usiyoijua isafishe kwanza:

SAFI=$(printf '%s' "$URL" | sed 's,[&|\\],\\&,g')
sed -i "s|__URL__|$SAFI|" app.conf

Na tafadhali sana, kitu alichoandika mtumiaji kisiingie sed bila kusafishwa, sed ya GNU ina opsheni e inayoendesha komandi, mtu akijua kitenganishi chako anakifunga mwenyewe, anaweka e, na seva ni yake.

Ukitumia -E (regex pana) na unataka paipu ya "hii au ile" basi kitenganishi kiwe koma. Na kwenye kufuta mistari, kama kitenganishi si slashi, unaanza na bakslashi: sed '\|/var/www|d'.