Mwanangu, usishuke Shekilango

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, na leo nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana mambo haya kwenye simu yanakatikakatika. Umeniuliza: kama daktari amepima moyo akasema ni mzima, mbona ndani ya basi la mwendokasi uliona kabisa unakufa, mpaka ukashuka Shekilango ukakaa chini kituoni? Na umeniuliza kama uachane na mwendokasi, uwe unapanda bodaboda kwanza mpaka hali itulie.

Naanza na la pili, kwa sababu ndilo linalonitia hofu mimi: usiache kupanda. Sababu nitakueleza, lakini kwanza tuelewane ni kitu gani kilichokupata.

Kinaitwa shambulio la hofu. Hukujisingizia, na wala si kwamba wewe ni mwoga. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu, na hapo moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Ni kazi yake halali, ila safari hii umeifanya pasipo na adui. Kulikuwa na basi lililojaa, joto, na wewe ambaye wiki nzima hukulala kwa sababu ya hesabu za mwisho wa mwezi, ukishindia kahawa.

Sasa ile ganzi ya midomo na kizunguzungu. Ukipumua haraka haraka unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa. Ikipungua kwenye damu, mishipa inayopeleka damu kichwani hujibana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinachomachoma. Wewe unadhani umeishiwa hewa, unazidi kuvuta, na hali inazidi.

Nilipokuwa bado kazini, aliletwa kwetu mama mmoja muuza samaki, amebebwa na wenzake. Vifundo vya mikono vimepinda kwa ndani, vidole vimebanana vimekakamaa, dole gumba limelala katikati ya kiganja. Wenzake walishakata shauri kwamba ni jini. Daktari alimpima sukari, presha na moyo, hakuona tatizo, akaniambia nikae naye. Nilimshika mkono, nikamwambia tutoe pumzi pamoja, polepole, kama anayepoza uji wa mtoto. Mwanzoni hakuweza, alikuwa akihema na kulia. Kisha mabega yakashuka. Baadaye kidogo vidole vikaanza kulegea kimoja kimoja, dole gumba likawa la mwisho. Hakuchomwa sindano yoyote. Pumzi ilirudi mahali pake, na mikono ikafunguka yenyewe.

Kwa hiyo wewe hukudanganyika kwamba mwili umebadilika. Ulibadilika kweli. Kosa liko kwenye tafsiri. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliueleza vizuri mzunguko huu: moyo unaenda mbio, mtu anajiambia "nakufa", wazo hilo lenyewe linakuwa hatari mpya, mwili unazidi kuitika, naye anapata ushahidi zaidi kwamba anakufa. Mara nyingi hali hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha huanza kushuka, ufanye lolote usifanye lolote.

Hapo ndipo ninapotaka unisikie vizuri. Uliposhuka Shekilango ulipata nafuu, na ubongo wako ukaandika kwamba umepona kwa sababu umeshuka. Ungebaki ndani mpaka Manzese, hofu ingeshuka vilevile, ila hukupata nafasi ya kuliona hilo. Ukianza kukwepa mwendokasi, kesho utakwepa foleni ya benki, keshokutwa lifti ya ofisini, halafu safu ya mbele msikitini. Nimewaona watu wazima, wenye kazi zao nzuri, ambao mwishowe hawavuki geti bila mtu wa kuwasindikiza. Shambulio lenyewe halikuwafanya hivyo. Kukimbia ndiko kulikowafunga.

Basi rudi taratibu. Panda mchana, watu wakiwa wachache, vituo viwili vitatu, kisha ongeza. Ikikujia ukiwa ndani, shika nguzo, weka mkono mmoja tumboni, vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe kwa mdomo mpaka sita. Usishindane nayo wala usiiombe iondoke. Iambie tu, "Nimekutambua, utapanda na utashuka." Ukishuka, shuka kwenye kituo ulichopanga tangu mwanzo. Na yule rafiki yako anayekushauri upumulie kwenye mfuko wa karatasi, mshukuru lakini usifanye. Siku ikiwa ni pumu au moyo kweli, mfuko huo unaweza kukudhuru.

Kuhusu kuzimia, ambako unakuogopa sana: mtu huzimia presha ikishuka, na kwenye hofu ya namna hii kawaida hupanda. Ndiyo maana unahisi utaanguka na huanguki.

Shangazi yako anataka uje huku Tanga usomewe. Njoo, mwanangu, dua hatuikatai, na kukaa nyumbani kutakufaa. Ila kusomewa kusichukue nafasi ya matibabu. Muombe daktari akupe rufaa kwa mwanasaikolojia. Tiba ya mazungumzo, ile inayofundisha kuzipima upya fikra za hofu na kurudi hatua kwa hatua pale unapopaogopa, imewasaidia wengi sana. Daktari akiona inafaa atakuandikia dawa kama sertralini. Hiyo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo inaweza hata kukuongezea wasiwasi, kwa hiyo usiitupe haraka, wala usiikatishe bila kumwambia. Lakini dayazepamu ya kununua kienyeji duka la dawa usiiguse. Inatuliza upesi, kweli, na mwili unaizoea upesi vilevile.

Kahawa ipunguze, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa. Lala.

Yapo mambo ambayo hayasubiri pumzi wala hesabu. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda ngazi au kubeba mzigo, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, au ukizimia kweli: nenda hospitali papo hapo, usijiambie "ni ile hofu yangu."

Na ukirudi kwa daktari, mwambie apime tezi ya shingo na wingi wa damu, maana tezi ikizidisha kazi au damu ikipungua, moyo hudunda hivyohivyo. Majibu yakitoka yapige picha unitumie. Baba yako nimemwambia, na hakukucheka. Ameniuliza tu kama ukipanda Jumamosi utapenda awe nawe kwenye simu.

Mama yako