Maswali na majibu: Nani hasa anashika usukani?

Barua nyingi safari hii zimeangukia jambo moja, yaani madereva wa ziada kwenye bima ya gari: nani aandikwe, nani afichwe, na mambo yakigundulika itakuwaje. Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya madai ya bima kabla ya kuhamia kwenye kalamu, kwa hiyo mtanivumilia nikikaza sauti mahali fulani.

Mwanangu ana miaka 20 na ndiye anayekwenda na gari chuoni kila siku. Kadi ya gari ina jina langu. Wakala alituambia tuandike mimi ndiye dereva mkuu, yeye awe wa ziada, na kweli ada ilishuka. Kuna ubaya gani? – Mama Kijana

Ubaya, mama, ni kwamba fomu imeuliza maswali mawili na ninyi mmejibu moja. Gari ni la nani? Ni lako, hapo hujadanganya. Nani analiendesha zaidi? Hapo ndipo penye uongo. Wewe ukilitumia siku nyingi na yeye akaliomba mwishoni mwa wiki, huyo ni dereva wa ziada wa halali kabisa, hata kama ana miaka 20. Lakini dereva wa ziada anayeondoka na funguo kila asubuhi ndiye dereva mkuu, jina lake liandikwe mstari wowote ule.

Ada imeshuka kwa sababu kampuni imekupima wewe: umri wako, leseni yako ya miaka mingi, mwendo wako. Vijana walio chini ya miaka 25 na wenye leseni changa hutozwa zaidi kwa sababu hupata ajali nyingi zaidi, na kampuni inalijua hilo kutoka kwenye madai yanayoifikia kila mwaka. Mmenunua bima ya mama, barabarani anapita kijana.

Sasa tuhesabu. Sheria ya Uingereza ya 2012 inayohusu maelezo ya mtu anayekata bima binafsi imetenganisha aliyekosea kwa uzembe na aliyedanganya akijua, na mfano wake unaeleweka popote. Tuseme ada ya haki ilikuwa 100, mkalipa 60. Ikionekana ni uzembe tu, kampuni inaweza kulipa 60 katika kila 100 ya hasara, nyingine mkaitafute wenyewe. Ikionekana mlijua, inaweza kuufuta mkataba tangu siku ya kwanza, ikakataa madai yote, na kwa kawaida ada mliyolipa hairudi. Ninyi mlishauriana kabisa na wakala. Ni vigumu kusema mlipitiwa.

Kuna na hili ambalo wazazi hawalifikirii. Kijana hajengi historia yake ya bima. Miaka ya kuendesha bila madai inaandikwa kwa jina lako, na siku atakapokata bima yake mwenyewe ataanzia sifuri.

Watajuaje? Mimi nimemwacha mke wangu nje ya fomu mwaka wa tatu huu na hakuna aliyeuliza. – Msomaji

Swali lako fupi, jibu lake refu. Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyeisoma. Siku ya kukata bima wakala anataka kuuza, wewe unataka kuondoka na hati, fomu inaingia kwenye jalada. Inasomwa kwa makini mara ya kwanza siku unapodai. Hapo inatolewa na kuwekwa kando ya taarifa ya polisi, maelezo ya mashahidi, kumbukumbu za fundi zinazoonyesha nani huleta gari kwa matengenezo, kibali cha kuegesha kazini kwa mtu, hata picha mlizoweka wenyewe mtandaoni. Magari mengine yana kifaa kinachotunza safari, saa na mwendo.

Nakumbuka jalada moja. Baba mrefu, wa kuinama akipita mlangoni, alidai yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Kwenye picha za eneo la ajali kiti cha dereva kilikuwa kimevutwa mbele hadi karibu na usukani, na kioo cha ndani kimeelekezwa chini. Mthamini hakugomba. Aliisogeza picha mezani akauliza, "Mzee, kiti hiki ulikikalia wewe?" Mzee akaitazama, akaomba maji ya kunywa. Aliyekuwa akiendesha ni binti yake, ambaye hakutajwa popote.

Na hapo kosa lilikuwa limeshazaa jingine. Kumwacha mtu nje ya fomu ni tatizo moja. Kusema uongo kuhusu nani alikuwa anaendesha siku ya ajali ni tatizo jipya, tena ukiusema mbele ya polisi unatoka kwenye mambo ya bima na kuingia kwenye jinai. Mke wako, ndugu yangu, mwandike. Kama leseni yake ni safi huenda ada isibadilike sana.

Shemeji yangu aligongwa miaka miwili iliyopita. Kosa halikuwa lake na hakudai chochote. Nilipomwongeza kama dereva niliandika hana ajali. Nimekosea? – Kaka Mkubwa

Inategemea swali lilivyoandikwa, na maswali mengi huandikwa hivi: amewahi kuhusika katika ajali au hasara yoyote ndani ya miaka kadhaa, awe na kosa au asiwe nalo. Kama ndivyo, jibu lilikuwa ndiyo, halafu unaeleza. Aliyegongwa akieleza kwa kawaida haumii. Anayeumia ni aliyegundulika amenyamaza. Na leseni iliyowahi kufungiwa, faini za mwendo kasi, maradhi ya macho au kifafa, hayo ukiulizwa usiyapunguze.

Mabishano haya ni ya zamani kuliko magari. Mwaka 1766 jaji Mansfield wa Uingereza aliamua kesi ya gavana Carter, aliyekatia bima ngome yake kule Sumatra isije ikatekwa. Wafaransa wakaiteka. Mtoa bima akasema gavana alificha udhaifu wa ngome. Jaji akasema wazi kwamba bima husimama juu ya ukweli wa pande zote mbili, lakini Carter akashinda, kwa kuwa mtoa bima naye alijua, au angeweza kujua, anakatia bima kitu cha namna gani. Usilifurahie sana hilo, kaka. Ajali ya shemeji yako kampuni haikuwa na njia ya kuijua ila kwako.

Fomu alijaza wakala, mimi nilitia sahihi tu. Si kosa lake? – Asiye na Hatia

Sahihi ni ya nani? Kuna nchi na mazingira ambapo wakala hubebeshwa lawama, lakini itabidi uthibitishe kwamba ulimwambia ukweli naye akaandika jingine, na maneno ya mdomo hayathibitishiki kirahisi. Soma kabla ya kutia sahihi. Baki na nakala.

Rafiki akiliazima gari mara moja, lazima aandikwe?

Fungua hati yako. Nyingine humkubali yeyote mwenye leseni uliyempa ruhusa, nyingine ni walioandikwa tu, nyingine huwakubali wote ila vijana hubebeshwa sehemu kubwa zaidi ya hasara.

Mkataba ukifutwa, aliyeumizwa na gari langu naye anakosa? – Mwenye Wasiwasi

Katika nchi nyingi sheria humlinda: kampuni humlipa aliyeumia, kisha inakugeukia wewe ikidai fedha zake. Gari lako halitengenezwi, na gharama za matibabu ya mtu mwingine zinakufuata kama deni. Hili ndilo linalofilisi watu. Bati hununuliwa, mguu uliovunjika huweza kudai matibabu kwa miaka.

Nimeshadanganya na sasa naogopa. Nifanyeje? – Msomaji wa Kike

Kama ajali haijatokea, umewahi. Usisubiri bima iishe. Andikia kampuni, siyo wakala peke yake: sema dereva anayelitumia gari zaidi ni fulani, tangu lini, na leseni yake ni ya mwaka gani. Watakokotoa ada upya na kukudai tofauti. Wengine hukataa kuendelea nawe, na hilo litakuuma, ila utatafuta kampuni nyingine ukiwa bado una gari. Omba mabadiliko hayo kwa maandishi yenye tarehe. Mpaka karatasi hiyo iwe mkononi mwako, funguo zikae kwako.