Mtaro usifukiwe kabla bomba la maji taka halijapimwa

SWALI: Mhandisi, ninajenga nyumba Moshono, Arusha. Mabomba ya maji taka ya nchi nne yamekwisha kulazwa kutoka vyoo viwili na jikoni hadi chemba ya nje, jumla yake kama mita 20. Mkaguzi anakuja wiki ijayo, lakini fundi anataka kufukia mtaro na kumwaga zege la jamvi sasa hivi, kwa kuwa alimwaga ndoo ya maji chooni na yakatokea kwenye chemba. Je, hilo linatosha? Na je, naweza kupima kwa kompresa ya kujazia matairi?

JIBU: Dada yangu, mwombe fundi asiguse koleo kwanza. Ndoo ile imethibitisha mambo mawili tu, kwamba bomba halijaziba na kwamba mteremko unaelekea kunakotakiwa. Maji yanayopita hukimbilia sakafuni mwa bomba kwa sekunde chache, hayagusi nusu ya juu ya maungio, na hata pale yanapogusa hayana msukumo. Kiungo kilichopakwa gundi upande mmoja kitayapitisha bila kutoa hata tone. Uvujaji hufichuliwa na maji yaliyosimama.

Acha saa 24 zipite tangu kiungo cha mwisho kilipogandishwa. Tumbo la kila bomba lifunikwe kwa udongo kidogo ili lisisogee, lakini maungio yote yabaki wazi. Ziba mdomo unaoingia kwenye chemba kwa kizibo cha mpira kinachokazwa kwa nati, kwa sababu chemba yenyewe hupimwa peke yake: tofali na plasta hunywa maji na zitakupotosha. Kwenye mdomo ulio juu kuliko yote simamisha kipande cha bomba chenye urefu wa mita 3, kisha jaza polepole. Midomo mingine usiikaze mpaka uone maji yamefika hapo, la sivyo utafungia hewa ndani. Bomba la nchi nne huchukua takriban lita 8 kwa mita, kwa hiyo tayarisha ndoo kumi za lita 20.

Watu wengi hukosea katika kusoma matokeo. Maji yakishuka kidogo katika saa ya kwanza usimlaumu mtu, kwani mapovu ya hewa yaliyonasa kwenye elbo (kona) na tii (maungio ya njia tatu) bado yanapanda. Gongagonga mabomba kwa mpini wa nyundo, ongeza maji, ndipo uweke alama. Kanuni za mabomba zinazotumika sehemu kubwa ya Marekani hudai kimo hichohicho cha mita 3 kisimame kwa dakika 15 bila kuvuja. Mimi husubiri saa nzima, kwa kuwa ndani ya bomba pana uvujaji hujificha. Sentimita 5 zinaonekana si kitu, kumbe ni karibu nusu lita. Ukitaka jicho lako lisidanganywe, weka redyusa, yaani kiungo cha kupunguza upana wa bomba, na usimamishe bomba la nchi moja badala ya la nchi nne: kiasi cha maji kinachoshusha bomba pana kwa sentimita 1 kitashusha jembamba kwa takriban sentimita 16.

Maji yakiendelea kushuka, pangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, tandika kipande cha gazeti chini yake, kisha rudi baada ya robo saa. Anza na kizibo. Niliwahi kumlaumu fundi nusu siku nzima kule Sakina, tukakata maungio matatu mazima, kumbe chembe ya mchanga ilikuwa imekaa chini ya mpira wa kizibo nilichokiweka mwenyewe. Kiungo kinachovuja kweli kisipakwe gundi kwa nje, maana haitashika. Kikatwe, kiwekwe kipande kipya, na kipimo kirudiwe. Uvujaji ukiachwa chini ya jamvi, maji huhamisha udongo taratibu na sakafu hubaki juu ya shimo.

Kompresa iache kabisa. Shinikizo la tairi, tuseme bar 2, ni sawa na maji yenye kimo cha mita 20, na hewa iliyobanwa hulipuka pale ambapo maji yangechuruzika tu. PVC, plastiki ya mabomba haya, ikipasuka namna hiyo hutupa vipande vyenye ncha kali. Uingereza hupima kwa hewa mabomba yaliyo juu ya ardhi, lakini msukumo wake ni milimita 38 tu za maji.

Jaza bomba asubuhi ya siku ya ukaguzi na umwonyeshe mkaguzi alama, huku maungio yakiwa bado wazi. Unapofungua kizibo, legeza nati ukiwa umesimama pembeni: kimo cha mita 3 hukisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 23, nami nimeona kimoja kikiruka na kugonga ukuta wa pili wa chemba.