Ruzuku ya chaja ya gari: anza na kabati la mita

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani hapa Leicester, Uingereza, na bila gari hakuna kazi. Mwanzoni mwa 2023 nilinunua Nissan Leaf ya mtumba, ile yenye betri ya uniti 40. Ni uniti zilezile za umeme wa LUKU, wauzaji wanaziita kWh, usitishwe na lugha yao. Nilipanga kuchaji nyumbani kwa ruzuku ya serikali, na kwa hesabu zangu lilikuwa jambo la wiki tatu. Lilichukua miezi mitano. Tangu hapo kila Mswahili mwenzangu anayetaka gari la umeme ananiuliza kitu kimoja tu: "Dada, hiyo hela ya serikali unaipataje?"

Hela ya serikali ndiyo ilikuwa nyepesi kuliko yote, ngoja niimalize kabisa. Zamani karibu kila mwenye gari la umeme na mahali pake pa kuliegesha alikuwa anapewa. Tangu tarehe 1 Aprili 2022 mlango ulifungwa kwa wanaoishi kwenye nyumba walizonunua wenyewe. Wakabaki wapangaji na wenye fleti. Yaani kwa mara moja katika nchi hii mpangaji anamzidi mwenye nyumba kitu. Wakati wangu walikuwa wanalipa asilimia 75 ya gharama, lakini isizidi pauni 350, kwa hiyo mimi nilihesabu 350. Hupewi mkononi. Kampuni inayofunga chaja, ambayo lazima iwe imeidhinishwa na serikali, inakupunguzia kwenye bei kisha inadai yenyewe. Wewe unatoa kadi ya gari yenye jina lako, mkataba wa upangaji, picha za sehemu ya kuegesha na ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba. Masharti yanabadilikabadilika, yasome kwenye gov.uk siku unayoomba. Ukiegesha barabarani, ruzuku yako ni nyingine, na utaanzia halmashauri.

Sasa tuje kwenye yaliyonichelewesha.

Wiki za mwanzo nilikuwa nachaji kwa waya mdogo unaokuja na gari, wa kuchomeka kwenye soketi ya kawaida. Niliupitisha dirisha la sebuleni, nikaongezea na ekstensheni maana haukufika. Huo waya unavuta ampea 10 hivi, usiku kucha bila kupumzika, na ekstensheni za dukani hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Asubuhi moja niliamka nikasikia harufu ya plastiki. Plagi ilikuwa ya moto kushikika, na kuzunguka pini moja pamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Kama wewe bado unafanya hivyo, acha leo. Bora ukachaji kwenye chaja za barabarani kwa bei ya kuumia.

Aliyeuona waya huo dirishani ni mwenye nyumba wangu. Ni mzee wa Kihindi mzaliwa wa Jinja, mmoja wa wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 na wengi wao wakaja kuanza upya hapa Leicester. Kiswahili chake ni cha dukani, cha utotoni, ila hajakisahau. Siku ya kwanza nilimwamkia "shikamoo", akanijibu "mzuri sana", tukaelewana. Sasa akasimama mbele ya dirisha, mikono nyuma.

"Mama, hii stima itachoma nyumba yangu."

"Ndiyo maana nataka nifunge ya ukutani, mzee. Serikali inachangia."

"Serikali inachangia ngapi? Na mimi nachangia ngapi?"

Nikamwambia yeye hachangii hata senti, anaandika barua tu. Alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: nikihama, chaja ni ya nani? Tukaandikishana palepale. Chaja inabaki na nyumba, na yeye kwa miaka miwili hapandishi kodi kwa sababu ya chaja hiyo. Nakusihi, zungumza hili kabla ya kulipa chochote. Ukishaweka kitu cha mamia ya pauni kwenye ukuta wa mtu, nguvu ya kuzungumza inakuwa kwake.

Barua mkononi, nikatafuta kampuni mtandaoni. Wakaniuliza maswali kumi, wakanipa bei: pauni 980, ukitoa ruzuku zinabaki 630. Nikalipa kianzio, nikapewa siku, nikabadilishana zamu na mwenzangu ili niwepo. Fundi alikuja saa mbili asubuhi, akafungua kabati la mita chini ya ngazi, akamulika tochi, akapiga picha moja. Dakika kumi baadaye alikuwa anarudisha vifaa kwenye gari. "Hapa siwezi kufunga kitu," akasema, akaondoka. Kianzio nilikirudishiwa baada ya simu nyingi ambazo sitaki hata kuzikumbuka.

Alichokiona mle kabatini ningeweza kukiona mimi mwenyewe mwezi mzima kabla.

Kuna kisanduku kinachopokea waya mnene kutoka mtaani kabla ya mita. Ndani yake mna fyuzi kuu, na mara nyingi nje pameandikwa ni ya ampea ngapi: 60, 80 au 100. Usikifungue, kina lakiri na si chako wala si cha mwenye nyumba. Ni cha kampuni inayomiliki nyaya za mtaa. Soma tu, na piga picha. Yangu ilikuwa 60. Chaja ya kawaida ya nyumbani, ya kilowati 7, inavuta ampea 32. Shawa yetu ya umeme peke yake inavuta kama 40. Jumlisha mwenyewe, na bado sijawasha jiko.

Hilo lina dawa. Fundi anafunga kidude kama pete kinachobana waya mkuu na kupima umeme unaoingia. Mtu akiingia kuoga, chaja inapunguza yenyewe, akitoka inapanda tena. Kilichomwondoa fundi ni kingine. Kwenye kisanduku mlikuwa na nyaya nene mbili, si moja. Wa pili ulikuwa unapenya ukuta kwenda kwa jirani. Nyumba nyingi za zamani za pacha, zinazogawana ukuta mmoja, hapa Uingereza zimeungwa hivyo: umeme unaingia kwako, unarukia kwa mwenzako, mnakunywa kisima kimoja. Kwa shawa na birika inatosha. Ukiweka chaja, kampuni ya nyaya inataka kwanza mtenganishwe.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi ninayompa kila anayeniuliza habari ya hela ya serikali: nenda kwenye mita sasa hivi, piga picha tatu. Fyuzi kuu na maandishi yake, nyaya zinazoingia chini yake, na boksi la sakiti breka likiwa wazi ili nafasi zionekane. Zitume kwa fundi kabla hujakubali bei. Fundi ambaye hataki hata kuzitazama, achana naye.

Kutenganishwa sikulipia kitu, kampuni ya nyaya iliubeba mzigo yenyewe. Ila nilisubiri wiki kumi na moja, na walihitaji ruhusa ya jirani, maana waya mpya ulikuwa wake na bustani ya kuchimbwa ni yake. Jirani ni bibi wa miaka themanini na kitu. Nilimfuata na sahani ya vitumbua. Akaniita bata wake, kama watu wa Leicester wanavyoitana, akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa sharti moja: waridi lililo karibu na ukuta atalichimbua yeye kwa mkono wake, hao vijana wasiliguse. Siku ya kuchimba alikaa mlangoni kwenye kiti na blanketi, waridi likiwa ndani ya ndoo miguuni pake. Umeme wake ulikatwa toka asubuhi hadi mchana, nikamletea chai kwa chupa. Fyuzi yangu nayo wakaibadilisha ikawa 80.

Baada ya hapo kufunga chaja ilikuwa kazi ya masaa matatu tu. Safari hii nilimpata fundi wa hapahapa mjini, aliyeomba picha kabla ya kuomba pesa. Akatoboa ukuta, akapitisha waya wenye ganda la chuma, akanionyesha kwamba chaja ina kinga ndani yake kwa hiyo hakuna haja ya kupigilia fimbo ya athi kwenye bustani. Mwombe cheti cha kazi ya umeme kabla hajaondoka, na nakala mpe mwenye nyumba.

Usiku wa kwanza sikuchaji hata uniti moja.

Chaja za nyumbani zinazouzwa hapa tangu 30 Juni 2022 lazima ziwe na akili yake: zinakuja zimepangwa zisichaji siku za kazi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, na saa kumi jioni hadi saa nne usiku, wakati umeme unagombaniwa. Unaruhusiwa kubadilisha. Mimi nilikuwa nimejiunga na bei ya usiku, peni 9 kwa uniti kuanzia saa sita na nusu hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikaipanga chaja ifuate saa hizo. Kumbe gari nalo nilikuwa nimelipangia saa zake tangu enzi za dirishani. Gari lilipotaka umeme chaja ilikuwa imelala. Chaja ilipoamka gari halikutaka. Saa kumi na mbili asubuhi nina asilimia 18 na wazee saba wananisubiri. Panga saa upande mmoja tu. Na chaja ikichelewa kuanza kwa dakika chache usiite fundi, imewekewa bahati nasibu ya hadi dakika kumi makusudi ili mtaa mzima usiwashe kwa pamoja.

Kwa siku yangu ya kawaida natumia kama uniti 12. Usiku nyumbani hiyo ni pauni moja na peni chache. Kwenye chaja za haraka za barabarani nilikuwa nalipa peni 75 kwa uniti, yaani pauni 9, na kodi ya serikali (VAT) huko ilikuwa asilimia 20 wakati ya umeme wa nyumbani ilikuwa 5. Zile 630 zilirudi kabla mwaka haujaisha.

Mwezi uliopita mzee wa Jinja alikuja kuangalia bomba, akasimama mbele ya chaja, mikono nyuma kama kawaida. Ana nyumba nyingine upande wa pili wa mji, na mpangaji wake huko amenunua gari la umeme. "Mama," akasema, akitoa simu mfukoni, "nimepiga picha ya mita. Waya ni moja ama ni mbili, wewe tazama."