Je, pantoni inaweza kuvuka kwa umeme?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila asubuhi mimi huvuka kutoka Kigamboni kwenda Magogoni kwa pantoni, na kabla hatujaondoka moshi wa dizeli hutufanya tuzibe pua kwa ncha za khanga. Nimesikia kwamba Norway wana vivuko vya betri. Je, ni kweli, na betri hizo zingefaa pia boti za Unguja?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Mwaka 2015 kivuko kiitwacho Ampere, chenye nafasi ya magari yapatayo 120, kilianza kuvuka kwa umeme wa betri kati ya Lavik na Oppedal, katika mkono mwembamba wa bahari uitwao Sognefjord, safari ya kilomita zisizofika 6 inayochukua dakika 20 hivi.

Lakini ufundi unaonivutia zaidi uko gatini. Kivuko kikifika hupata kama dakika 10 tu za kuchaji, muda ambao magari yanashuka na mengine yanapanda, na njia za umeme za vijiji vile hazikuwa na uwezo wa kutoa umeme mwingi namna hiyo kwa mkupuo. Kwa hiyo kila gati liliwekewa betri yake, ambayo hujazwa polepole kivuko kikiwa ng'ambo, kisha humimina umeme upesi kinaporudi.

Boti za Unguja ni habari nyingine. Zinakwenda kasi, tena safari yenyewe ni ya kilomita zaidi ya 70, na kilo moja ya dizeli hubeba nishati inayozidi mara 40 ile ya kilo moja ya betri. Hata ukihesabu kwamba injini hupoteza zaidi ya nusu ya nishati hiyo kwa joto, uzito wa betri ungekula nafasi ya abiria na mizigo.

Pantoni yenu, kwa upande wake, huvuka kwa dakika chache, hurudi gati lile lile kutwa nzima, na hiyo ndiyo kazi inayoifaa betri. Umeme wa Norway karibu wote hutokana na maji, nasi sasa tunalo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Najua utaniuliza kuhusu umeme kukatika, na una haki ya kuuliza. Ndiyo maana ningeomba betri za gatini ziandikwe ndani ya zabuni tangu siku ya kwanza, ili umeme ukikatika, abiria waliokwisha kukata tiketi wavushwe kwa akiba iliyomo.