Umetoka kwaya na unataka kusoma muziki chuoni? Usiitupe solfa yako

Wengi wanaoomba kusoma muziki chuo kikuu hapa Afrika Mashariki wametoka kwaya za kanisani. Sauti wanazo, nyimbo wanazijua kwa mamia, na karatasi ya do re mi, yaani solfa, wanaisoma bila kusita. Lakini muhula wa kwanza haujafika nusu, baadhi yao wameshaanza kuamini kwamba hawana kipaji. Kipaji wanacho. Wanaangushwa na mambo mawili matatu ambayo yangeweza kurekebishwa nyumbani miezi sita kabla ya kufungua chuo.

Kwanza ujue unachokiendea. Shahada ya muziki kwa kawaida ina nadharia na harmonia (kupanga sauti zinazoimbwa pamoja), mazoezi ya sikio, ala kuu au sauti, kinanda (hata kwa mwimbaji), historia ya muziki, ngoma na ala za jadi, utunzi, na kuimba au kupiga katika kikundi. Ratiba ya darasani inaweza kuonekana nyepesi. Inadanganya. Mwalimu wa ala unakutana naye mara moja kwa wiki, nusu saa au saa nzima, na siku zilizobaki ni wewe na chumba cha mazoezi. Ukiweka chini ya saa mbili kwa siku, jopo la mtihani wa vitendo litasikia.

Sasa solfa. Wapo wanaowaambia wanafunzi waisahau ili wajifunze nota za mistari mitano. Huo ni ushauri mbaya. Aliyezoea solfa tayari anasikia kazi ya kila sauti: ti inavutwa kwenda do, fa inashuka mi. Hilo ni nusu ya somo la sikio, na wenzako waliosoma piano tangu utotoni mara nyingi hawana. Unachokosa ni vitu viwili tu: kuipata do kwenye mistari, na kusoma urefu wa nota kwa umbo lake badala ya nukta na vistari.

Kuipata do ni rahisi. Kwenye karatasi ya kwaya huandikwa juu, kwa mfano, kwamba Do ni G. Kwenye mistari unatazama alama zilizo mwanzoni. Zikiwa shapu (♯, za kupandisha sauti), ya mwisho kulia ndiyo ti, kwa hiyo do iko nusu hatua juu yake: shapu mbili ni F na C, basi C shapu ni ti na do ni D. Zikiwa flati (♭, za kushusha sauti), ya mwisho ndiyo fa, na ile inayoitangulia ndiyo do: flati tatu ni B, E na A, basi do ni E flati. Flati ikiwa moja tu, do ni F. Chukua wimbo mmoja wa kwaya unaoujua, uhamishie kwenye mistari kwa mkono, sauti zote nne. Nyimbo mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, na utaingia darasani ukiwa unasoma. MuseScore ni programu ya bure na itakuchezea ulichoandika, lakini andika kwa penseli kwanza.

Mtihani wa kuandika unachosikia ndio unaotisha zaidi. Wimbo mfupi unapigwa mara tatu au nne. Kosa kubwa ni kuanza kuandika nota mara ya kwanza: ukiikamata ya tatu, ya sita imeshapita. Mara ya kwanza weka kalamu chini, ishike do, hesabu mapigo, ujue wimbo umeishia wapi. Mara ya pili andika mdundo peke yake. Mara ya tatu jaza sauti kwa herufi za solfa juu ya mdundo. Kuhamishia kwenye mistari ni kazi ya mwisho, nayo haihitaji kusikia tena.

Harmonia ina kosa moja linalorudi kila mwaka, la sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa tano, kama ule wa do hadi so. Tuseme uko ufunguo wa C. Kordi (sauti zinazolia pamoja) ya do: besi C, teno G, alto E, soprano C. Unakwenda kordi ya re. Besi inapanda D, na mkono wa mwanakwaya unaipandisha teno A. Hapo umeshakosa: C na G zimekuwa D na A, sauti mbili zimegeuka kivuli cha moja. Besi ikipanda, shusha zilizobaki: teno F, alto D, soprano A.

Na usidhani kanuni hiyo ni ya muziki wote duniani. Ni desturi ya Ulaya ya karne za nyuma. Wagogo wa Dodoma huimba sambamba kwa nne na tano, na uzuri wa uimbaji wao uko hapohapo. Kwenye zoezi la harmonia fuata kanuni. Kwenye utunzi wako chagua ukijua unachochagua.

Kuhusu mazoezi, gawa saa zako vipande vya dakika 25 hadi 40. Usianze wimbo mwanzo kila siku, maana utaujua ukurasa wa kwanza tu. Chukua sehemu inayokushinda, weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye mapigo 60 kwa dakika, na usiongeze mapigo 4 mpaka umeipiga safi mara tatu mfululizo. Maumivu ya kifundo cha mkono au sauti kukwaruza ni amri ya kusimama. Mwimbaji anayefanya mazoezi ya chuo asubuhi na kwaya mbili jioni huipoteza sauti karibu na mtihani.

Kabla ya kujaza fomu, iulize idara nani anafundisha ala yako, na kama yupo muhula mzima au anakuja kwa kibarua. Uliza vyumba vya mazoezi ni vingapi na vinafungwa saa ngapi. Kama lengo lako ni kufundisha shule ya sekondari Kenya, soma mapema masharti ya TSC, tume inayoajiri walimu, kwa sababu shahada ya muziki bila mafunzo ya ualimu haitoshi. Na kama moyo wako uko kwenye udi au qanuni, ala za nyuzi za taarab, Dhow Countries Music Academy pale Unguja wanafundisha taarab tangu 2002. Nenda kawasikilize kabla hujaamua.