Uliza Fundi: Marinda Yanayofumuka

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya masista. Sketi yao ni ya marinda, rangi ya damu ya mzee. Imefuliwa mara mbili tu marinda yamepotea, nayo imeshapanda juu ya magoti. Ya pili ninunue mita ngapi? – Mama, Nyakato, Mwanza

JIBU: Mama, kwanza kitambaa, mita baadaye. Poliesta hulainika kwa joto la pasi na ikipoa hubaki na mkunjo. Chenye pamba nyingi kitafumuka kila kikiloa, hata upige pasi kutwa.

Tuseme nyonga ni sentimita 88, kiuno 69, urefu 65. Nyonga ongeza 4 asibanwe: 92. Rinda la sentimita 4 hula 12, kwa kuwa 8 zinalala ndani. Marinda ni 23, jumla 276. Kitambaa cha upana wa 150 kitatoa vipande viwili vya 75 (urefu, upindo wa 8, na 2 za kushonea mkanda). Mkanda utatoka kwenye masalio. Nunua mita 1.7. Kikiwa cha upana wa 115 ni vipande vitatu, mita 2.5, kwa hiyo uliza upana kabla muuzaji hajashika mkasi.

Kwa fundi sasa. Wengi hupanga marinda halafu ndiyo wakunje upindo. Chini panatuna na hutaweza kuishusha sketi baadaye. Upindo utangulie. Kisha marinda yapigwe bandi (mshono wa muda) toka juu hadi chini, na pale kiunoni kila moja libanwe sentimita 1 zaidi: 92 inashuka hadi 69 bila kukata kitu. Pasi ipite juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa siki kiasi 1 kwa maji 3 (jaribu kwenye kipande kwanza, rangi isije ikachuja). Pasi tupu huacha mng'ao usiotoka. Sketi ipoe palepale mezani, ndipo bandi ifumuliwe. Fundi mwenye haraka huinyanyua ingali ya moto, na hapo kazi yote imekwenda bure.

Akirefuka, shusha sentimita 5 na upange upya marinda ya chini. Mstari wa zamani utaonekana ikiwa jua limeshapausha rangi, kwa hiyo anika kivulini, ndani ikiwa nje.

SWALI: Mashati meupe yanakuwa njano kwapani. Niongeze dawa ya kung'arisha? – Baba, Kirumba

JIBU: Usiongeze, klorini ikikutana na jasho huzidisha unjano. Loweka kwapa kwenye siki na maji nusu kwa nusu, dakika 30, suuza, ndipo utie sabuni.